Mtandao usio na anwani bado una majina

Swali:

"Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, na tasnifu yangu inahusu mitandao inayotafuta taarifa kwa jina lake badala ya anwani ya kompyuta. Nataka kubuni mfumo wa kupeleka majibu ya vipimo kutoka hospitali ya wilaya kwenda zahanati za visiwani Ziwa Victoria, ambako mtandao hukatika mara kwa mara. Majina yangu yako hivi: /afya/wilaya/zahanati/vvu/wingi-wa-virusi/namba-ya-mgonjwa/tarehe. Namba ya mgonjwa ina tarakimu 6. Yaliyomo yote yatasimbwa yasisomeke bila ufunguo. Nimesoma kwamba pakiti za mtandao huu hazina anwani ya anayeomba, kwa hiyo niliandika kwenye pendekezo langu kuwa faragha ya mgonjwa inalindwa na mtandao wenyewe. Msimamizi wangu amenirudishia, ameandika pembeni: 'Majina yako yanasema kila kitu.' Mwenzangu darasani ananiambia nipitishe majina yote kwenye heshi, ile hesabu inayogeuza maandishi yoyote kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, kazi imekwisha. Nani yuko sahihi? Heshi inatosha? Au nibadilishe mada kabla muda haujaniishia?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Usibadilishe mada. Msimamizi wako amesema kweli, mwenzako ameshika nusu ya dawa, na wewe una hoja nzuri uliyoitumia mahali pasipo pake. Nitaichukua moja moja, maana hapo ulipokwama wamekwama wengi, na tasnifu nzuri huzaliwa mahali kama hapo.

Unachouliza hasa ni hiki: ikiwa mtandao haujui nani ameomba, mgonjwa atajulikanaje? Jibu langu ni kwamba mgonjwa wako haombi chochote. Hana kompyuta ndani ya mfumo huu. Anayeomba ni muuguzi wa zahanati. Mgonjwa anatajwa tu. Ukiondoa anwani ya mwombaji umemfunika muuguzi, na mgonjwa umemwacha nje, ameandikwa kwenye jina. Hapo ndipo pendekezo lako lilipoteleza, na msimamizi wako alipaona.

Tuone kwanza pakiti inavyosafiri. Intaneti tuliyonayo hupeleka pakiti kwa anwani, kama barua yenye S.L.P. ya mpokeaji mbele na ya mtumaji nyuma. Mwaka 2006 Van Jacobson, ambaye miaka ya 1980 alisaidia kuunusuru mtandao usizame kwenye msongamano, alitoa mhadhara akihoji kwa nini mtu anayetaka habari alazimike kwanza kutaja kompyuta iliyoiweka. Mwaka 2009 yeye na wenzake wa maabara ya PARC huko California walichapisha muundo kamili wa mtandao unaofuata majina. Mwaka 2010 NSF, mfuko wa serikali ya Marekani unaogharimia sayansi, ukaanza kuufadhili mradi wa NDN (Named Data Networking, yaani mtandao wa data yenye majina), ambao Lixia Zhang wa chuo cha UCLA na Jacobson walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Huo ndio ukoo wa kazi yako.

Katika NDN unatuma ombi lenye jina. Ruta, kifaa kinachopokea pakiti na kuzisukuma mbele, ikilipokea inatazama kwanza kwenye ghala lake dogo, kache, kama jibu limo. Likiwamo inakupa palepale. Lisipokuwamo inatazama jedwali la maombi yanayosubiri. Kama kuna mwingine ameshaliomba jina hilohilo, inaandika tu mlango ambao ombi lako limeingilia, halafu inasubiri. Kama hakuna, inatazama jedwali la njia na kulisukuma ombi mbele kwa kufuata mwanzo wa jina, mfano /afya/wilaya. Jibu linarudi kwa nyayo za ombi, mlango kwa mlango, na kila ruta lilipopita inaweza kubaki na nakala. Kila jibu lina sahihi ya kidijitali ya aliyelitoa, kwa hiyo nakala iliyotoka kwenye kache ya jirani inaaminika sawa na ile iliyotoka hospitalini. Kwa visiwa ambako mtandao hukatika, hii ni neema kubwa, na hongera kwa kuiona.

Ni kweli kabisa kwamba ndani ya ombi hamna anwani ya mwombaji. Ruta iliyo mbali hatua tatu haiwezi kusema ombi limetoka kwa nani. Inajua mlango tu. Lakini ruta ya kwanza, ile uliyounganishwa nayo, mlango wake ni wewe. Kutojulikana kunahitaji umati wa kupotelea. Zahanati yenye kompyuta mbili na mnara mmoja wa simu haina umati huo. Kwa hiyo hata yule muuguzi hajafichika kama ulivyodhani, anafichika kwa walio mbali tu.

Sasa njoo kwenye jina lenyewe. Kwetu maandishi ya kanga huitwa jina. Aliyeivaa hahitaji kufungua mdomo. Akipita sokoni kila mwenye macho amelisoma. Jina la pakiti ya NDN liko hivyohivyo: limeandikwa kwa nje, kwa sababu ruta isipolisoma haijui pa kulipeleka wala haiwezi kulinganisha na kilichomo kwenye kache. Unaweza kuyasimba yaliyomo kwa ustadi wote wa dunia, lakini pakiti inayoitwa /afya/wilaya/zahanati/vvu/wingi-wa-virusi/004217/tarehe imeshasema kwamba mtu mwenye namba 004217 anaishi na virusi, anatibiwa wapi, na amepimwa lini. Nani anahitaji kufungua bahasha hiyo? Jibu la ndani, wingi wa virusi ni kiasi gani, ni siri ndogo kuliko iliyoandikwa juu.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaliwekei uzito. Katika tovuti za leo zinazotumia HTTPS, mdaku aliyekaa katikati ya njia haoni ukurasa gani umeufungua. Anaona anwani za kompyuta mbili na mara nyingi jina la tovuti, basi. Njia kamili, ile sehemu inayokuja baada ya jina la tovuti, imo ndani ya usimbaji. Na hata hilo jina la tovuti linaendelea kufichwa: baada ya ufichuzi wa Edward Snowden wa mwaka 2013, shirika la viwango vya intaneti, IETF, lilitangaza Mei 2014 katika hati yake ya RFC 7258 kwamba upelelezi wa halaiki ni shambulio na viwango vipya vitengenezwe kwa kulizingatia hilo. Mwaka 2016 ikaja njia ya kusimba maswali ya DNS, mfumo unaotafsiri jina la tovuti kuwa anwani, kupitia TLS, usimbaji uleule ulio ndani ya HTTPS, na 2018 njia ya kuyapitisha ndani ya HTTPS. Wakati dunia inahangaika kuficha jina la tovuti, muundo wako unaandika jina la tovuti, ukurasa, mgonjwa na tarehe kwenye paji la uso la pakiti. Upande wa "nani ameomba" NDN inasonga mbele. Upande wa "ameomba nini" inarudi nyuma, na kwa kliniki ya VVU upande wa pili ndio unaoumiza watu.

Nilijifunza hili kwa vitendo. Nikiwa bado mwanafunzi nilijenga mtandao mdogo wa kompyuta nne wa kupelekeana mahudhurio ya darasa, yaliyomo yakiwa yamesimbwa. Mwenzangu mmoja alichukua kumbukumbu za ruta ya katikati, orodha ya majina na saa tu, akakaa nazo jioni moja. Kesho yake alinitajia nani alikosa vipindi, siku gani, na nani aliomba ruhusa ya ugonjwa, kwa kuwa niliyaweka maneno hayo kwenye majina ili nisipate shida ya kutafuta mafaili yangu. Hakuwa na ufunguo wowote. Tangu siku ile kila muundo wa majina ninaoletewa ninausoma kana kwamba umebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kuna mdaku wa pili ambaye msimamizi wako hakumtaja, na mahojiano ya tasnifu yako hayatapita bila yeye kuulizwa: jirani. Tuseme zahanati na nyumba ya wageni iliyo karibu zinatumia ruta moja. Mgeni haoni pakiti za zahanati, lakini anaweza kutuma ombi lake mwenyewe kwa jina analolibuni, kisha akapima muda. Katika nyuzi za kioo nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za umbali hula, kwenda na kurudi, angalau milisekunde 10, mbali na foleni za njiani. Jibu likirudi upesi kuliko muda wa kufika hospitalini na kurudi, limetoka kwenye kache ya hapohapo, maana yake kuna mtu wa eneo hili ameliomba muda si mrefu. Anayejua namba ya mgonjwa mmoja, pengine kwa kuiona kwenye kadi ya kliniki, anaweza kujua leo mtu huyo yuko zahanati. Watafiti walianza kulionya hili waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Acs, Conti, Gasti, Ghali na Tsudik walionyesha mwaka 2013 kwamba ruta inaweza kuchelewesha makusudi majibu ya siri yaliyomo kwenye kache, ili yaonekane yametoka mbali. Ninaipenda dawa hiyo kwa sababu haikutupilia mbali faida yote: unapoteza wepesi, lakini njia nyembamba ya kwenda bara bado haibebi mzigo mara mbili. Tatizo ni kwamba inadai ruta zote ziwe na adabu hiyo, na ruta za visiwani si zako.

Basi, heshi. Mwenzako hajakosea kuwaza kuwa jina si lazima lisomeke. Ruta haijui Kiswahili. Kwake "vvu" na "x7q" ni vipande viwili vya herufi tu. Inachohitaji ni kujua kipande kinaanzia na kuishia wapi. NDN ilijengwa hivyo tangu mwanzo, na uhuru huo ndio utakaokuokoa. Lakini heshi ya kawaida, kama SHA-256, inajulikana na kila mtu na haina ufunguo. Mdaku hahitaji kuirudisha nyuma. Anachukua kila jina linalowezekana, analipitisha kwenye heshi ileile, na kulinganisha. Namba zako za tarakimu 6 ni milioni moja. Zidisha kwa zahanati 40, kisha kwa siku 365: majina bilioni 14.6. Inatisha ukiitazama, lakini kadi ya michoro ya kompyuta ya michezo hufanya zaidi ya heshi bilioni moja kwa sekunde. Robo dakika, na orodha ya mwaka mzima iko mezani.

Na hiyo ni ikiwa umeheshi jina zima kwa pamoja, jambo ambalo litakuvunjia njia, kwa sababu ruta haitauona tena mwanzo /afya/wilaya. Ukiheshi kila kipande peke yake ili njia ibaki, hali ni mbaya zaidi: kipande cha mgonjwa kina chaguo milioni moja tu, na kipande cha "vvu" kitakuwa na sura moja siku zote, atakayeitambua mara moja ameitambua milele. Heshi inaficha kitu ambacho hakikisiki. Namba ya mgonjwa, jina la zahanati na tarehe vyote vinakisika.

Usichanganye heshi hii na ile ya RFC 6920 ya mwaka 2013, inayokipa kitu jina kutokana na heshi ya yaliyomo ndani yake. Ile inathibitisha kwamba ulichopewa ndicho ulichoomba. Ni kazi nyingine kabisa, ijapokuwa chombo ni kimoja, na nimeona mapendekezo mawili yakikataliwa kwa kuzichanganya.

Kinachofaa ni heshi yenye ufunguo, HMAC, ambayo imekuwapo kwenye viwango tangu 1997. Hospitali na zahanati zinashiriki ufunguo wa siri. Mkia wa jina unatengenezwa kwa ufunguo huo pamoja na namba na tarehe. Asiye na ufunguo hawezi kujaribu majina, hata akiwa na kadi za michoro chumba kizima. Tena hawezi kufanya ule ujanja wa kupima muda wa kache, kwani hajui jina la kuliomba. Tarehe ikiwa ndani ya hesabu, mkia unabadilika kila siku, kwa hiyo hawezi kusema ombi la Januari na la Aprili ni la mtu mmoja. Lakini usiweke ufunguo mmoja kwa zahanati zote. Kompyuta moja ikiibwa, wilaya nzima iko uchi. Kila zahanati iwe na wake, na uandike tangu mwanzo utabadilishwa vipi.

Nikifika hapa wanafunzi wengi hufunga daftari. Usifunge, kuna mengine mawili.

La kwanza ni sahihi. Kila pakiti ya jibu inataja jina la ufunguo uliotia sahihi, ili mpokeaji aupate na kuhakiki. Ukificha zahanati kwenye jina la jibu halafu ufunguo wa sahihi ukaitwa /afya/wilaya/zahanati-fulani/kliniki-ya-vvu/ufunguo, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Fanya hivi: kwa nje pakiti itiwe sahihi kwa ufunguo wa wilaya, usiosema lolote zaidi ya kwamba hii ni pakiti halali ya wilaya, kwa ndani, chini ya usimbaji, iwemo sahihi ya maabara au kliniki iliyotoa jibu. Anayestahili kujua atajua, na ruta itathibitisha inachohitaji kuthibitisha.

La pili ni gumu zaidi. Mwaka 2017 Ghali, Tsudik na Wood walionyesha kwamba hata yaliyomo yakiwa yamesimbwa, mtu anayejua kwa kukadiria kitu gani huombwa sana na kipi huombwa kidogo anaweza kuoanisha pakiti zisizosomeka na vitu halisi, kwa kuhesabu tu mara zinavyoombwa. Sababu ni kwamba katika mitandao hii jibu lililosimbwa huwa ni lilelile kwa kila anayeliomba, tofauti na HTTPS ambako kila mazungumzo yana ufunguo wake. Kwako hatari ni ndogo kidogo, kwa kuwa jibu la mgonjwa linaombwa na zahanati moja, tena mara moja au mbili. Lakini ukubwa wa pakiti na mwendo wa maombi bado vinasema. Zahanati ikiomba majibu 30 kila Jumanne asubuhi, siku ya kliniki, kila mtu kisiwani anajua Jumanne ni siku gani.

Kwa sababu hiyo nataka nikuulize swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wangu mwenyewe: mgonjwa anafanya nini ndani ya jina? Ulimweka humo kwa kuwa ulifikiria jedwali la hifadhidata, kila mstari na ufunguo wake. Mtandao haukulazimishi. Taja kifurushi badala ya mtu. Kila usiku hospitali ikusanye majibu yote ya zahanati moja, ya VVU, ya malaria, ya sukari, yote pamoja, iyasimbe kama faili moja, ijaze nafasi zilizobaki hadi ukubwa uwe uleule kila siku hata siku isiyo na jibu hata moja, kisha ikipe jina kama /afya/wilaya/ likifuatiwa na mkia wa heshi yenye ufunguo. Zahanati inaomba kifurushi kimoja kila asubuhi, Jumanne kama Jumapili. Faili ikatwe vipande vyenye namba. Mtandao ukikatika kipande cha 12, ukirudi unaendelea na cha 13, hakuna mazungumzo ya kufufua kati ya kompyuta mbili. Kazi hii NDN inaiweza sana, na hapo utakuwa umeionyesha bila kumwanika mtu.

Gharama zipo. Muuguzi anayehitaji jibu moja la dharura saa nane mchana hawezi kusubiri kifurushi cha kesho. Kujaza nafasi tupu kunakula bando, na bando la visiwani si la kuchezea. Kwa dharura ningetumia njia ya pili: ombi zima lisimbwe na kuwekwa ndani ya ombi jingine linaloelekezwa kwenye lango la hospitali, ili kwa nje lisomeke jina la lango tu. Kache za njiani hazitasaidia tena kwa ombi hilo. Utaulizwa, "Sasa NDN imebaki na faida gani?" Jibu kwamba faida yako haikutoka kwenye kache za ruta za watu baki. Imetoka kwenye data yenye sahihi yake, inayoweza kukaa kwenye kache ya zahanati na ya hospitali na kuendelea kuaminika hata mtandao ukizimika siku tatu.

Kuna njia ya tatu utakayokutana nayo ukisoma, ANDaNA ya mwaka 2012, inayovisha ombi tabaka mbili za usimbaji na kulipitisha kwenye ruta mbili ambazo kila moja inajua nusu ya habari. Ni kazi nzuri, na kwa mwandishi wa habari anayesoma mambo ambayo serikali yake haitaki ayasome ningeipendekeza. Inamlinda mwombaji. Kwako inaongeza ucheleweshaji kwenye njia ambayo tayari ni dhaifu, ili kumficha muuguzi ambaye kila mtu anajua anafanya kazi pale. Itaje kwenye mapitio ya maandiko, eleza kwa nini hukuichukua, endelea.

Kuhusu majina yanayosomeka na watu: yanafaa, usiyachukie. Ratiba ya chanjo, miongozo ya wizara, matangazo ya kipindupindu, vyote viitwe kwa majina ya wazi kabisa ili kila kache ivihifadhi na kila kijiji kivipate. Mwaka 2001 Zooko Wilcox alisema kwamba jina haliwezi kirahisi kusomeka na binadamu, kuwa salama, na kutotegemea mamlaka moja kwa wakati mmoja. Wewe mamlaka unayo, hospitali ya wilaya, kwa hiyo pembe hiyo haikusumbui. Inayokusumbua ni ya kusomeka, na nusu ya data yako haina haja ya kusomeka njiani. Muuguzi aone jina la mgonjwa kwenye skrini yake, ndani ya programu, baada ya kusimbua. Mtandao ubaki na mkia.

Sasa mambo ambayo hayatatuliwi kwa barua. Usitumie data halisi ya mgonjwa hata mmoja katika majaribio. Kuna ndnSIM, programu ya kuigiza mtandao iliyojengwa juu ya nyingine iitwayo ns-3, na kuna Mini-NDN inayoendesha programu halisi kwenye mtandao wa kuigiza. Tengeneza wagonjwa wa kubuni humo. Siku ukitaka kugusa kumbukumbu za zahanati ya kweli, hata "namba tu bila majina", simama kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inalinda usiri wa majibu ya vipimo. Nenda ana kwa ana kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, nao watakuelekeza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapobidi. Nenda na muundo wa majina umechapwa kwenye karatasi, kwa sababu ukiwaambia "data imesimbwa" watatikisa kichwa kukubali, na wataachwa bila kuona kile msimamizi wako alichokiona.

Ugawaji wa funguo, utazunguka vipi, nani anaushika, mtumishi akihamishwa inakuwaje: hapo mtafute mtu anayejua usimbaji akae nawe meza moja. Usibuni wako. Kuna kazi ya NDN inayoitwa udhibiti wa ruhusa kwa majina, ya Yu, Afanasyev na Zhang, ambayo inagawa funguo kwa kutumia muundo wa majina wenyewe. Isome, lakini angalia majina ya hizo funguo yasije yakarudisha uliyoyaficha.

Na kabla hujamrudia msimamizi wako, fanya jaribio moja. Endesha muundo wako wa zamani kwenye kompyuta, toa kumbukumbu za ruta ya katikati, futa yaliyomo yote, bakiza majina, saa na ukubwa. Mpe yule mwenzako wa heshi. Mwambie akae nazo saa moja aandike kila anachokijua kuhusu kila mgonjwa. Kisha fanya hivyohivyo kwa majina aliyokushauri ya heshi tupu, umpe na orodha ya zahanati, halafu kwa muundo wa vifurushi. Karatasi zake tatu zibandike kwenye sura ya matokeo kama zilivyo, kwa mwandiko wake.